Nani Anaruhusiwa Kuketi? Historia Fupi ya Kuagiza Kahawa Ugenini

Ukiingia kwenye baa ya Roma saa mbili asubuhi ukaagiza "latte", utaletewa glasi ya maziwa. Maziwa matupu. Muuzaji hajakudharau wala hajakosea. Kwa Kiitaliano latte ni maziwa, basi, na yeye amekupa ulichoomba. Ukisema "caffè" peke yake utapata kahawa nyeusi kidogo sana, ya mafunda mawili matatu. Nenda Istanbul, utaulizwa sukari kiasi gani kabla kahawa haijakaa motoni. Nenda Vienna, mhudumu atasimama akikusubiri umalizie, maana pale neno "kahawa" tu halimwambii kitu. Muscat hutaulizwa chochote. Utamiminiwa, utamiminiwa tena, mpaka wewe mwenyewe useme basi, na hiyo basi yenyewe haisemwi kwa mdomo.

Kazi ya uandishi wa habari imenipitisha kwenye baadhi ya miji hii, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma historia ya kahawa kama wenzangu wanavyosoma riwaya za upelelezi. Vitabu vya watalii huishia kwenye orodha: usiagize kapuchino baada ya chakula cha mchana, usinywe machicha, usisahau kuchukua risiti. Orodha hizo zina msaada wake, sikatai. Lakini haziulizi kwa nini. Na ukiuliza kwa nini, unakuta kila desturi ina tarehe yake, ugomvi wake, pengine hata sheria yake. Chini ya zote kuna swali moja ambalo watu wamelipigania kwa karne tano: nani anaruhusiwa kuketi, na nani, kwa muda gani, kwa bei gani?

Maneno tuliyorithi

Tuanze nyumbani, kwenye lugha. "Kahawa" tumelitoa kwa Waarabu, qahwa, neno ambalo waandishi wa kamusi za Kiarabu wanasema zamani lilitumika pia kwa mvinyo. Neno hilohilo Waturuki wakalifanya kahve, Waitaliano caffè, na likaendelea kusambaa hadi kwa Waingereza. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Tuna "buni" pia, punje za kahawa kabla hazijakaangwa, kutoka bunn ya Kiarabu, ndugu na buna ya Uhabeshi. Tuna "finjani" na "dele", kikombe na chombo cha kumiminia. Rangi tunaiita "kahawia", kama Waturuki wanavyoiita kahverengi. Na pale tunapokula wali maharage mchana tunapaita mgahawa, au mkahawa kama bibi zetu walivyotamka, jengo lililobeba jina la kinywaji ambacho siku hizi pengine hakimo hata kwenye orodha ya vyakula vyake. Wafaransa nao wana café kwa kinywaji na café kwa jengo.

Msamiati huu unatuambia kitu. Pwani yetu ilipokea kahawa kwa njia ya bahari, ikiwa imeshapikwa, pamoja na vyombo vyake na adabu zake. Hatukuipokea kama zao la shambani. Shamba lilikuja baadaye sana.

Kuna upande mmoja wa nchi ambao haukusubiri jahazi. Kule Buhaya, magharibi ya Ziwa, watu walikuwa na kahawa yao, robusta, na hawakuinywa. Waliichemsha na majani yenye harufu, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni akiingia ndani anapewa punje za kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Huko Buhaya na kwa jirani zao Buganda, punje hizo zilitumika pia kufunga udugu wa damu: tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana, basi kila mmoja anapaka damu yake, anampa mwenzake, na kila mmoja anameza ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo humwagizii kahawa. Mmeshakuwa ndugu.

Kesi ya Makka

Kahawa ya kunywa inaanza kuonekana vizuri kwenye maandishi katika karne ya 15, Yemen, kwa masufi waliohitaji kukesha usiku kwenye dhikri. Buni ilitoka ng'ambo ya bahari, Uhabeshi, na baadaye ikalimwa kwenye milima ya Yemen na kusafirishwa kupitia bandari ya Mocha, ambayo jina lake bado linaandikwa kwenye ubao wa bei duniani kote, ingawa wengi wanadhani mocha maana yake ni chokoleti.

Mwaka 1511 afisa wa Makka aitwaye Kha'ir Beg, msimamizi wa masoko na maadili, aliwakuta watu usiku karibu na msikiti wakinywa kitu kwa zamu, wakiwa na taa. Walipomwona wakazizima. Kwa afisa yeyote wa usalama wa zama zozote, mtu anayezima taa akikuona ana jambo. Akaitisha wanazuoni na matabibu, kahawa ikawekwa mbele yao kama mshtakiwa, ikahukumiwa kuwa haramu, buni ikachomwa moto hadharani.

Ninachokipenda kwenye kesi hii ni rufaa. Taarifa ilipofika Cairo kwa Sultani, jibu lililorudi lilikataza ile mikusanyiko lakini halikukiharamisha kinywaji chenyewe. Soma tena hapo. Makao makuu yalielewa vizuri kuliko afisa wa mkoa kwamba tatizo halikuwa ndani ya kikombe. Tatizo lilikuwa watu wamekaa pamoja usiku, wako macho, akili zinafanya kazi, na hakuna anayejua wanaongea nini. Sisi tuliokulia karibu na vijiwe tunaifahamu hofu hiyo bila kuhadithiwa.

Sukari kabla ya moto

Mwanahistoria wa Kiosmani İbrahim Peçevi ameandika kwamba hadi mwaka 1555 hivi Istanbul haikuwa na nyumba ya kahawa hata moja. Kisha wakaja watu wawili kutoka Shamu, Hakam wa Aleppo na Shams wa Damascus, wakafungua maduka mtaa wa Tahtakale. Baada ya hapo zikaota kama uyoga. Ndani walikaa wasomaji wa vitabu, wacheza sataranji, washairi, makadhi waliofukuzwa kazi wakitafuta kazi nyingine. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru zifungwe. Zikafunguliwa tena baada yake, kama zinavyofunguliwa siku zote.

Desturi ya Istanbul inaeleweka ukitazama chombo. Kahawa inasagwa iwe vumbi kabisa, inawekwa kwenye kisufuria chenye mpini mrefu pamoja na maji baridi na sukari, vyote vinapikwa kwa pamoja. Kwa hiyo sukari huwezi kuongeza baadaye. Ukikoroga utayatibua machicha na kinywaji kitakuwa tope. Ndiyo maana unasema mapema: sade, bila sukari, az şekerli, kidogo, orta, wastani, şekerli, tamu. Unaletewa na glasi ya maji. Unaacha machicha yatulie, unakunywa taratibu, unaishia yanapoanzia. Kuna wanaogeuza kikombe na kusomeana bahati kwenye machicha. Kwa hiyo hata taka za kinywaji hiki zinakuweka kitini nusu saa zaidi.

Waturuki wanasema kikombe kimoja cha kahawa kina kumbukumbu ya miaka 40. Maana yake aliyekunywesha anakudai, na deni lake halilipwi kwa hela. Na kifungua kinywa wanakiita kahvaltı, yaani "kabla ya kahawa". Mlo wa asubuhi umepewa jina kwa sababu unakiandalia njia kikombe kinachofuata. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka kahawa ya Kituruki kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na kilichoorodheshwa ni utamaduni wake, jinsi watu wanavyokaa nayo.

Bei ya kiti

London ilipata nyumba ya kahawa mwaka 1652, ya Pasqua Rosée, mtu aliyetokea himaya ya Kiosmani. Kwa peni moja unaingia, unakunywa, unasoma magazeti, unabishana. Tunasifia sana peni hiyo kwenye madarasa ya historia, kwamba ilimkalisha fundi viatu karibu na bwana mkubwa. Ni kweli kiasi. Mfalme Charles wa Pili aliziogopa kiasi cha kutoa tangazo la kuzifunga tarehe 29 Desemba 1675. Makelele yakawa makubwa mno, akalifuta Januari 1676 kabla halijaanza kufanya kazi. Kosa lao kwenye tangazo hilo lilikuwa umbea dhidi ya serikali. Makka na London, miaka 160 kati yao, shtaka lilelile.

Ila kuna meza nyingine ambazo hazitajwi sana. Nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd ilikuwa kijiwe cha wenye meli na wafanyabiashara waliokata bima za safari, na kutoka hapo ikazaliwa Lloyd's, soko la bima linaloishi hadi leo. Meli zilizokatiwa bima zilikuwemo zilizobeba watumwa. Mwaka 2020 Lloyd's wenyewe waliomba radhi hadharani kwa sehemu yao. Na kahawa iliyonywewa Ulaya karne ya 18 ilizidi kutoka kwenye mashamba ya watumwa, hasa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion.

Bourbon inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia mateka 1,000 kila mwaka, na biashara hiyo ilipeleka watu kwenye visiwa vya Kifaransa, Mauritius ya leo na hiyo Bourbon. Watu wa pwani yetu na bara yetu waliishia kwenye mashamba ya kisiwa cha kahawa. Karibu karne moja baadaye mapadri wa Kifaransa walikuja kutoka Réunion, wakafika Zanzibar mwaka 1860 na Bagamoyo 1868, wakapanda kahawa. Misheni yao ya Kilema ikaifikisha Kilimanjaro miaka ya 1890. Kwa hiyo unaponunua pakiti iliyoandikwa "Bourbon, Kilimanjaro" unanunua jina lililokuja kwa njia ya watu waliouzwa. Sisemi usinywe. Nasema lisome jina.

Vienna nayo ina hadithi tamu ya magunia ya buni yaliyoachwa na jeshi la Waturuki baada ya mazingira ya 1683, na shujaa mmoja aliyeyaokota akafungua duka. Hadithi inauzika. Nyaraka zinasema leseni ya kwanza alipewa Muarmenia Johannes Diodato mwaka 1685. Kilichojengwa pale baadaye ni kitu cha aina yake: sebule ya kukodi kwa bei ya kikombe kimoja. Unaagiza kwa jina kamili, Melange kama unataka yenye maziwa na povu, na inakuja kwenye sinia dogo la chuma pamoja na glasi ya maji. Magazeti yamefungwa kwenye fimbo za mbao. Hakuna atakayekuletea bili mpaka uiite. Mhudumu anaitwa Herr Ober, na unamngoja kwa utulivu. Ukimpungia mkono kama daladala umejitangaza mgeni.

Mwandishi Peter Altenberg alitumia Café Central, iliyofunguliwa 1876, kama anwani yake ya posta. Trotsky alikuwa akicheza sataranji humo kabla ya vita ya 1914. Wapenzi wa vitabu tunaipenda Vienna hiyo kwa sababu sehemu nzuri ya fasihi yake iliandikwa na watu ambao vyumba vyao vilikuwa na baridi na kahawani kulikuwa na joto. Kiti cha bei nafuu ni miundombinu ya fasihi, sawa na maktaba.

Kusimama ni nafuu

Sasa turudi Roma kwa yule mwenye maziwa.

Italia ilikuwa na kahawa za kifahari za kuketi. Florian ya Venice ipo tangu 1720. Mashine ndiyo iliyobadilisha mambo. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milan ya kwake 1901, Desiderio Pavoni akaichukua na kuiuza. Kikombe kikawa kinatoka kwa haraka, kimoja kimoja, kwa mteja mmoja mmoja: espresso. Lile povu la rangi ya asali juu yake lilikuja baadaye, kwa mashine za Achille Gaggia aliyesajili ubunifu wake 1938 na kuuza mashine zake za wenzo baada ya vita. Kabla ya hapo babu wa Kiitaliano alikunywa kitu tofauti kabisa na anachokitetea mjukuu wake leo kama mila ya tangu enzi.

Pamoja na mashine kulikuwa na serikali. Mwaka 1911 sheria iliziruhusu manispaa kupanga bei ya juu ya mahitaji ya lazima, na kahawa ya kaunta ikahesabiwa humo. Mwenye baa angefanyaje? Ya kaunta imefungwa bei, basi faida anaitafuta kwenye kiti. Ndiyo maana mpaka leo ubao wa bei una safu mbili: al banco, kwenye kaunta; al tavolo, mezani. Kahawa ileile, mashine ileile, ukikaa bei inapanda, na kwenye viwanja vya watalii inaweza kuzidi mara kadhaa. Mgeni anadhani ameibiwa. Hajaibiwa; amekodi kiti bila kujua.

Kwenye baa nyingi zenye watu, hasa za stesheni, unaanzia kwa keshia, unalipa, unachukua risiti, unakwenda nayo kaunta, unaiweka, unasema unachotaka, unakunywa umesimama, unaaga. Dakika tatu. Kapuchino, iliyopewa jina kwa rangi ya kanzu za watawa wa Kikapuchini, ni ya asubuhi kwa sababu wenyewe wanaihesabu kama chakula: maziwa baada ya mlo mzito wanaona yanalemea tumbo. Ukiiagiza saa kumi jioni hakuna atakayekukataza. Watajua tu kwamba wewe si wa hapo, jambo ambalo, tuseme ukweli, sisi wengine wanalijua tangu tunaingia mlangoni.

Naples wana desturi nzuri kuliko zote: caffè sospeso, kahawa iliyoning'inizwa. Unakunywa moja, unalipia mbili. Ya pili inamngoja mtu asiye na hela, ambaye ataingia kuuliza kama ipo. Hamjuani. Hashukuru, wewe hujisifu.

Makiato ya Asmara

Waitaliano waliipeleka mashine hiyo Eritrea, koloni lao tangu 1890, na Ethiopia walipoivamia na kuikalia 1936 hadi 1941. Asmara ikajengewa mikahawa yenye vigae na vioo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 sheria za ubaguzi za utawala wa kifashisti zilitenga mitaa na sehemu za starehe kwa rangi. Mwenyeji aliruhusiwa kuosha vikombe, kuketi hapana. Leo vijana wa Asmara na Addis Ababa wanaagiza makiato bila kuwaza Roma hata chembe, na wana haki. Wameichukua nyara. Ukiagiza makiato Addis inakuja kwa tabaka, maziwa na kahawa, imara, na watu wamesimama kando ya meza ndefu kama Milan. Kampuni ya Tomoca inakaanga na kumimina katikati ya Addis tangu 1953.

Lakini nyumbani kwa Mhabeshi mambo ni mengine, na huko huagizi, unaalikwa. Majani mabichi yanatandazwa sakafuni, ubani unafukizwa, buni mbichi inaoshwa na kukaangwa mbele yako, kikaango kinapitishwa ili uvute moshi wake. Inatwangwa, inapikwa kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo. Raundi ni tatu kwa kahawa ileile inayoongezwa maji: abol, tona, na baraka. Ndiyo, baraka, neno letu kabisa. Ukiondoka baada ya raundi ya pili umeondoka bila baraka, kwa hiyo usikubali mwaliko kama una basi la kuwahi.

Anayeendesha shughuli yote hiyo ni mwanamke. Nimetembea karne tano kwenye makala hii na ndiyo mara ya kwanza mwanamke anatokea akiwa mwenye kiti. Istanbul nyumba za kahawa zilikuwa za wanaume. London ilikuwa hivyohivyo, hata mwaka 1674 kukachapishwa kijitabu kwa jina la wanawake wakiilalamikia kahawa kwa kuwanyang'anya waume zao.

Kikombe kinachotikiswa

Tumalizie njia kwa kupita Oman, maana ndiko adabu ya pwani yetu inakofanana. Kahawa ya huko ni nyepesi, ina iliki, inakuja baada ya tende au halua. Mmiminaji anashika dele kwa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Anamimina kidogo, robo ya finjani au chini yake. Mgeni mpya anaweza kudhani anabaniwa. Kumbe ni kinyume: kikombe kilichojazwa kinamaanisha kunywa uende zako, kidogo kidogo kinamaanisha kaa, tutaongeza. Unapokea kwa mkono wa kulia. Ukishatosheka unakitikisa kikombe kidogo, kushoto kulia, unakirudisha. Ukikirudisha bila kutikisa unamiminiwa. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa hii kwa maombi ya pamoja ya Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Mswahili akiona hayo anacheka kimoyomoyo, maana ya kwetu ni binamu yake. Kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu, kashata pembeni badala ya tende. Tofauti ni kwamba sisi tuliitoa majlisi tukaiweka barabarani. Muuza kahawa anatembea na birika lenye mkaa chini yake, anagonganisha vikombe viwili kwa vidole, kengele yake hiyo. Zanzibar ina Jaws Corner, pembe ya Mji Mkongwe iliyojulikana kwa kahawa na siasa. Dar es Salaam ina benchi chini ya kila mwembe uliobaki.

Kijiwe kina sheria zake, hazijaandikwa popote, na mgeni kutoka Vienna angehitaji kitabu cha watalii. Huagizi, ukikaa umeshaagiza. Unasalimia wote kwa pamoja. Hela unatoa mwishoni, na kuna siku mtu anasema "nimewalipia" na hakuna anayebisha, kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine. Mada huichagui wewe, unaikuta. Na ukipingwa hununi. Hakuna kikomo cha muda wa kukaa wala kikombe cha chini. Nimezunguka kote huko na sijaona kiti cha bei nafuu kuliko hiki.

Nafuu kwa nani, sasa? Mimi ni mwanamke, na nikikaa kijiweni napewa nafasi kwa heshima kubwa: "Karibu dada," mtu anapisha, kikombe kinaoshwa mara mbili. Halafu mazungumzo yanajikunja. Wanachagua maneno. Kama kuna mzee ataniuliza naitwa nani, kwetu wapi, na namngoja nani. Swali hilo la tatu ndilo lenye historia ndani yake. Hakuna anayenifukuza, na hakuna anayeamini kwamba nimekuja kunywa kahawa tu. Mama zetu walikuwa na baraza lao uani, na kahawa yao na habari zao, lakini uani hapaamui bei ya sukari wala jina la mgombea.

Kwa hiyo wengi wa rika langu tumehamia kwenye mikahawa mipya yenye kiyoyozi, ambako mwanamke anakaa peke yake na kompyuta yake saa nne na haulizwi anamngoja nani. Nashukuru sana kwa kiti hicho, nimeandikia hapo makala nyingi. Ila najua bei yake. Kapuchino moja ingewanywesha watu wote wa kijiwe kilicho ng'ambo ya barabara, na mkulima wa Kilimanjaro, ambaye wazazi wake waliunda chama chao 1925 na ushirika wa KNCU 1933 ili wasipangiwe bei na wengine, hawezi kuketi hapo kunywa buni yake mwenyewe. Na mhudumu wa hapo, kijana wa Mbagala, anatakiwa kuniuliza "latte" au "americano" kwa matamshi ya nchi ambayo hajawahi kufika.

Peni ya London ilimkalisha fundi viatu ikamsahau mkewe. Mkahawa wangu umenikalisha mimi ukamsahau fundi viatu. Sidhani tunalazimika kuchagua mmoja. Naples, mji wenye shida zake nyingi, umeweza kulipia kikombe cha mtu usiyemjua. Kijiwe kimeweza kumfanya mtu yeyote awe mwenyeji kwa dakika 10 tu, ilimradi awe mwanaume. Mambo hayo mawili yakikaa benchi moja tutakuwa na nyumba ya kahawa ambayo dunia haijawahi kuwa nayo.

Mpaka hapo, msomaji, ukisafiri, agiza kama wenyeji wanavyoagiza. Sema sukari mapema, tikisa kikombe, subiri baraka, chukua risiti. Kisha kabla hujanyanyuka angalia waliokaa, halafu angalia waliosimama. Na ukirudi nyumbani, dada yangu, ukipita kijiweni, kaa. Wakikuuliza unamngoja nani, waambie unamngoja muuza kahawa.